Simu ya Android 6 yenye tundu lililokufa: shajara ya kuiunganisha na kompyuta ya duka bila waya

Jumatatu

Hali ilivyo. Simu ni ya Android 6, betri ya kutoka, kamera ya megapikseli 13, haina laini. Pale steshenari ina kazi mbili: kupiga picha za paspoti mbele ya kitambaa cha bluu, na kupiga picha nyaraka za wateja wanaojaza maombi mtandaoni. Kamera yake bado iko vizuri. Kilichokufa ni tundu la chini. Chaji haishiki, na kompyuta haiioni simu hata ukiushikilia waya kwa mkono. Fundi alilimulika kwa tochi akasema, "Hizi pini zimeisha. Kubadilisha naweza, ila bodi ya simu hii ikipata moto sana inaweza isiwake tena." Mama mkubwa, mwenye duka, alikataa palepale. Betri anazo mbili na chaja ya kobe anayo. Anachotaka ni picha zifike kwenye kompyuta bila yeye kuhangaika.

Hadi leo amekuwa akijitumia picha kwa WhatsApp, kisha anazifungua kwenye kompyuta. Picha inapanda mtandaoni na kushuka tena, bando linaliwa mara mbili, na juu ya hapo WhatsApp inaibana picha. Kwa sura ya mtu unaweza usione tofauti. Kwa cheti chenye maandishi madogo unaiona, herufi zinatoka na ukungu.

Kompyuta ni ya mezani, mtumba, Windows 10, haina Wi-Fi wala Bluetooth. Imechomekwa kwa waya wa mtandao kwenye ruta ya 4G. Hilo halina shida. Simu ikiingia Wi-Fi ya ruta hiyohiyo, vifaa vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja wa ndani, na kinachopita kati yao hakitoki nje.

"Kwa hiyo bando likiisha?"

"Picha zinakwenda tu, mama mkubwa. Ruta ikiwaka inatosha."

"Haya. Usije ukaniambia baadaye kuna kitu kilikuwa kinakula."

Nimeliandika kama sharti la kwanza la mradi: kisitoke kitu nje ya duka.

Jumatatu, usiku

Njia nyingi nilizozijua zinaanguka kwa sababu moja: zinataka uchomeke waya kwanza ndipo zikuruhusu uende bila waya. ADB, zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, ni mfano mzuri. Kuanzia Android 11 unaoanisha simu na kompyuta kwa msimbo kupitia Wi-Fi moja kwa moja. Kabla ya hapo, kama simu haijarutiwa (haijafunguliwa mamlaka yote ya mfumo), lazima uchomeke USB, uandike `adb tcpip 5555`, kisha uchomoe. Kwa simu isiyo na tundu habari imeishia hapo. iPhone nazo zilikuwa hivyohivyo: usawazishaji wa Wi-Fi ulikuja na iOS 5, Oktoba 2011, lakini mara ya kwanza ulitakiwa kuchomeka waya na kuweka tiki ndani ya iTunes. Mwaka mmoja kabla yake mwanafunzi mmoja wa Uingereza, Greg Hughes, alikuwa ameshatengeneza programu ya kazi hiyohiyo. Apple waliikataa kwenye duka lao, naye akaiuza kwa wenye simu zilizovunjwa kufuli. Microsoft walirudi nyuma kabisa: ActiveSync, programu yao ya kusawazisha vifaa vya mkononi na kompyuta, iliwahi kuruhusu Wi-Fi, kisha toleo la 4 likaiondoa kwa hoja ya usalama. Wakubwa hawa wameuogopa mtandao wa ndani kwa muda mrefu, na mimi naona waliuogopa kupita kiasi.

Bluetooth ningeweza kuongeza kwa kidude cha USB, ila kasi yake halisi haizidi sana Mbps 2. Picha ya MB 4 ni sekunde kumi na kitu, na mteja mmoja ana picha nne, nyuma yake kuna foleni.

Google Photos haipo kwenye mpango. Hifadhi ya bure isiyo na kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021 na sasa ni GB 15 kwa akaunti nzima, lakini si hilo tu. Hizi ni nakala za vitambulisho vya watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na sioni kwa nini kitambulisho cha mteja kikae kwenye akaunti ya barua pepe ambayo nenosiri lake linajulikana na nusu ya ukoo.

Mama mkubwa ameuliza swali zuri: mbona tusitoe memori kadi tu? Kadi iko chini ya betri. Kila ukiitoa simu inazimika, na kuwaka kwake ni mwendo wa kinyonga. Ila kwa picha za zamani njia hiyo ndiyo bora, nami nimeitumia: zote zilizokuwa kwenye kadi zimehamia kompyuta kwa kadi rida. Kamera nimeiambia ihifadhi kwenye memori ya ndani kuanzia sasa. Sababu nyingine ya kuikwepa kadi ni kwamba tangu Android 4.4 programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika popote inapotaka kwenye kadi, na sitaki kugombana na hilo.

Jumanne

Nimeanza na folda ya pamoja ya Windows. Kidhibiti faili cha zamani kilichomo kwenye simu kinazungumza toleo la 1 tu la SMB, lugha ya Windows ya kushirikisha faili, na Windows 10 iliyosakinishwa upya tangu toleo la 1709 huja bila seva ya SMB 1. Unaweza kuiwasha. Sitaiwasha, ni mlango ambao virusi wa WannaCry waliutumia mwaka 2017.

Nikageuza: simu iwe seva ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, kompyuta ije kuchukua. Mwanzoni havikuonana kabisa. Ruta ina Wi-Fi mbili, ya duka na ya wageni, na simu ilikuwa kwenye ya wageni, ambayo kazi yake hasa ni kuzuia kifaa kimoja kisikione kingine. Baada ya kuihamisha, niliandika `ftp://192.168.8.104:2121` kwenye File Explorer na folda ya DCIM, ya picha za kamera, ikafunguka. Poti, yaani mlango wa mtandao, ni 2121 na si 21 kwa sababu Android haimpi mtu wa kawaida poti iliyo chini ya 1024.

Kasi nzuri, karibu MB 4 kwa sekunde. Wi-Fi ya simu hii ni ya 2.4 GHz yenye antena moja, inaandika Mbps 72 na nusu yake ndiyo unayoiona kwa kweli. Picha moja, sekunde moja.

Lakini FTP si usawazishaji. Lazima mtu afungue, achague, aburute. Nenosiri linapita wazi. Programu ikilala, kompyuta inagoma. Na ruta ikizimika kwa umeme kukatika, simu inaweza kurudi na anwani nyingine. Hili la anwani linatibika kwa kuiambia ruta iifungie simu anwani moja kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho ya Wi-Fi yake), na hapa uzee wa simu umenifaa: kuanzia Android 10 simu hujibunia MAC ya bandia kwa kila Wi-Fi, hii inatoa ileile siku zote. Nimeifungia. FTP inabaki kama njia ya dharura.

Jumatano

Uamuzi: Syncthing. Ni programu huria ya kusawazisha folda kati ya vifaa, iliyoanzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, haina seva ya katikati, haina akaunti, na vifaa vinatafutana vyenyewe kwenye mtandao wa ndani. Programu rasmi ya Android ilifika mwisho Desemba 2024, walioitunza wakilalamikia ugumu wa kuichapisha Google Play. Kwa simu ya umri huu hilo halinisumbui, kwa sababu ninachohitaji ni toleo la zamani.

Shida ikawa kulifikisha kwenye simu. Kivinjari chake kinagoma tovuti baada ya tovuti kikidai muunganisho si salama. Tovuti zenyewe hazina kosa. Nyingi zinatumia vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, na Android iliyo chini ya 7.1.1 haiujui mzizi wake mpya, yaani cheti kikuu kinachothibitisha vingine. Kulikuwa na daraja la muda lililozibeba simu hizi hata baada ya mzizi wa zamani kuisha muda tarehe 30 Septemba 2021, nalo likafika mwisho Septemba 2024. Firefox huja na orodha yake ya mizizi, kwa hiyo anayeweza kuipata apitie huko.

Mimi nilipakua faili ya APK (ya kusakinishia programu ya Android) kwenye kompyuta, nikahakiki alama yake kwa `certutil -hashfile` na SHA256 ili nijue haijabadilishwa, kisha nikafungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na kuandika:

`python -m http.server 8000`

Kwenye simu, `http://192.168.8.100:8000`. Orodha ya faili ikatokea, nikagusa, ikashuka. Hakuna cheti, hakuna malalamiko, hakuna bando. Baada ya hapo ni kuruhusu vyanzo visivyojulikana, kusakinisha, kuzima ruhusa hiyo tena, na kufunga ile seva ya muda.

Alhamisi

Leo ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye kompyuta Syncthing inaendeshwa kwa kivinjari, `127.0.0.1:8384`. Windows iliuliza kama fayawoli iiruhusu, nikakubali kwa mtandao wa binafsi tu. Kisha nikagundua kuwa Windows yenyewe iliuhesabu mtandao wa duka kuwa wa umma, kwa hiyo ruhusa ile haikuwa na maana yoyote hadi nilipoubadilisha. Poti zinazohusika ni 22000 kwa data na 21027 ya UDP kwa kutafutana.

Kila kifaa kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 56, makundi nane ya saba-saba, kinachotokana na cheti chake. Hakuna anayekiandika kwa mkono. Kompyuta inaonyesha msimbo wa QR, simu inausoma kwa kamera. Kioo cha kompyuta hii kina mstari mweusi katikati na simu ilikataa kusoma, nikaiburuta ile picha pembeni ya mstari ndipo ikakubali. Kisha kompyuta nayo inakuuliza: kifaa fulani kinaomba kuunganishwa, unakikubali? Lazima pande zote mbili zikubali.

Kabla ya kuweka folda yoyote nilizima vitu vitatu pande zote mbili: utafutaji wa kidunia, upitishaji kupitia seva za kati, na utoboaji wa NAT (kuiomba ruta ifungulie vifaa vya nje mlango). Vikibaki wazi, vifaa vikishindwa kuonana moja kwa moja, Syncthing inaweza kupitisha picha kwenye seva ya kujitolea huko nje. Zinakwenda zimefichwa, kweli, lakini bando linakwenda nazo. Ahadi kwa mama mkubwa ni ahadi.

Folda: `DCIM/Camera` ya simu, upande wa simu "tuma tu", upande wa kompyuta "pokea tu", inatua `D:\Simu`. Wengi huacha ile ya kawaida, ya kutuma na kupokea, na kwa mtu mmoja mwenye vifaa vyake ni sawa. Dukani ambako watu watatu wanagusa kompyuta, njia mbili ni kama kumpa kila anayepita kalamu ya daftari la madeni.

Kisha nikaizuia simu isilale. Android 6 ndiyo iliyoleta Doze, ule usingizi wa kubana betri, kwa hiyo Syncthing niliitoa kwenye orodha ya programu zinazobanwa. Mipangilio ya juu ya Wi-Fi nimeweka ibaki hewani hata kioo kikizima. Ndani ya Syncthing yenyewe nimeichagulia Wi-Fi moja tu kwa jina. Simu ikienda nyumbani haifanyi lolote.

Ukaguzi wa kwanza ulikuwa mwepesi kwa sababu picha za zamani zilishahama. Bila hivyo simu ingelazimika kukata kila faili vipande na kupiga hesabu ya SHA-256 ya kila kipande, na kichakataji cha zama zile kingechemka.

Nimepiga picha ya kikombe. Syncthing husubiri kama sekunde 10 baada ya badiliko ili ikusanye mengine yanayofuata, kisha ikaanza. `D:\Simu` likatokea jina linaloanza na `~syncthing~`, lile faili la muda, na kufumba na kufumbua likageuka kuwa picha kamili. Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akachukua simu, akapiga picha rula iliyokuwa mezani, akaiweka simu chini na kukodolea kioo cha kompyuta mikono kiunoni. Rula ikaja. "Mbona inachelewa?" Nilijua tu.

Ijumaa

Jaribio la kufuta, na hili ndilo ninalotaka lisomwe vizuri kuliko mengine yote. Nilifuta ile picha ya kikombe kwenye simu. Muda si mrefu ikapotea na kwenye kompyuta.

Ndivyo inavyotakiwa. Usawazishaji maana yake pande mbili zifanane, na kufuta ni badiliko kama mengine. Lakini simu ina GB 16 tu, na kila mwisho wa wiki mtu ataisafisha ili ipumue. Bila kinga, atakuwa anaisafisha kompyuta pia.

Kuna mpangilio wa ndani wa kupuuza ufutaji, ila waandishi wenyewe wa Syncthing hawaushauri, kwa sababu pande mbili zinabaki zinabishana milele kuhusu kipi kipo. Nimefanya hivi: upande wa kompyuta nimewasha utunzaji wa matoleo, aina ya pipa la taka. Kinachofutwa kwenye simu kinahamia folda ya `.stversions` badala ya kutoweka. Siku za kukaa humo nimeweka sifuri, yaani haziishi. Nimefuta rula, rula ikaonekana humo. Kinga hii inafanya kazi kwa mabadiliko yanayotoka kifaa kingine tu. Mtu akifuta kwa mkono ndani ya kompyuta yenyewe, Syncthing haimsaidii.

Kwa hiyo pipa halitoshi. Kila usiku, saa mbili na nusu, kabla ya kufunga, kipanga kazi cha Windows kinaendesha amri ya kunakili:

`robocopy D:\Simu E:\Hifadhi /E /XO /XD .stversions .stfolder /XF ~syncthing~*.tmp`

E: ni diski ya nje. `/E` inachukua folda zote, `/XO` inaacha zilizo za zamani kuliko zilizopo. Nimeiepuka `/MIR` kwa makusudi. Hiyo ndiyo inayopendekezwa kila mahali, na hiyo ndiyo inayofuta kule mwisho chochote kisichokuwepo mwanzo.

Jumamosi

Siku ya kazi nyingi, wanafunzi wengi. Mambo matatu yamejitokeza.

La kwanza ni saa. Betri ilibadilishwa mchana na simu ikaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Haina laini ya kuipa saa, na kwa kuwa bando lilikuwa limekata, haikuweza kuuliza mtandaoni pia. Picha zikapewa majina ya tarehe hizo na kwenda kujipanga juu kabisa ya folda, huku mama mkubwa akizitafuta chini. Zilifika zote, zilijificha tu. Nimebandika karatasi kwenye chaja ya kobe: UKIBADILI BETRI, TAZAMA SAA.

La pili, picha zilizokatwa na kusafishwa zinahifadhiwa na kijana wa dukani ndani ya `D:\Simu` hiyohiyo. Kwa folda ya "pokea tu" hilo ni badiliko la kigeni, na Syncthing inaonyesha kitufe chekundu cha kurudisha hali. Ukikibonyeza, kazi yote aliyoiongeza humo inafutwa. Nimemtengenezea `D:\Tayari`, na programu ya kuhariri picha sasa inafungukia huko.

La tatu ni dogo. Nimeongeza folda ya kinasa sauti, na faili moja ikakwama kwa kuwa jina lake lina nukta pacha, `12:30`. Android inakubali, Windows haikubali. Nimebadilisha mtindo wa majina kwenye kinasa sauti, imekwisha.

Bando niliangalia kwenye ukurasa wa ruta kabla na baada ya kutuma picha nyingi kwa mkupuo. Halikusogea kwa ajili ya picha. Nilimwonyesha mama mkubwa namba zenyewe, akavaa miwani, akazisoma, akanirudishia simu bila neno.

Jumatatu

Syncthing inaanza yenyewe kompyuta ikiwaka, bila dirisha. Umeme ulikatika asubuhi katikati ya kutuma. Uliporudi, iliendelea na vipande vilivyobaki bila kuanza upya.

Kilichobaki ni Windows 10 yenyewe, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hii haikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo itahamia Linux mwezi ujao, nikipata siku ya duka kufungwa. Kwa upande wa simu hakutakuwa na kazi kubwa: kitambulisho cha kompyuta kinatoka kwenye faili mbili, `cert.pem` na `key.pem`, zilizo ndani ya `%LOCALAPPDATA%\Syncthing`. Zikirudishwa kwenye mfumo mpya, simu itaiona kompyuta ileile. Nimezinakili kwenye flashi na kuifungia kwenye droo ya fedha, kwa sababu mwenye `key.pem` anaweza kujifanya ndiye kompyuta ya duka.